Gari likikamatwa, deni halifutiki

Wengi wanaoshindwa kulipa mkopo wa gari huamini kwamba gari likishachukuliwa mambo yamekwisha: mkopeshaji kapata chake, mkopaji kapoteza chake, kila mtu ashike njia yake. Kisheria, katika nchi nyingi, sivyo. Gari lilikuwa dhamana ya deni, halikuwa deni lenyewe. Likiuzwa kwa bei isiyofikia kinachodaiwa, tofauti hubaki shingoni mwa aliyekopa, na mara nyingi shingoni mwa mdhamini wake pia.

Tuchukue kwamba siku gari linakamatwa deni ni 100. Mnadani linauzwa 60. Gharama za kulikamata, kulivuta, kulihifadhi yadi na kulinadi ni 10, nazo ndizo zinazotangulia kukatwa. Kinachopunguza deni ni 50 tu. Mkopaji hana gari tena na bado anadaiwa 50. Akipuuza barua, anashtakiwa. Hukumu ikishatolewa, mshahara wake unaweza kukatwa au mali yake nyingine kukamatwa. Nchini Marekani sheria ya shirikisho huweka ukomo wa makato ya namna hiyo: kwa madeni ya kawaida hayazidi asilimia 25 ya mshahara unaobaki baada ya makato ya lazima. Taarifa ya gari kukamatwa nayo huweza kukaa katika kumbukumbu zake za mikopo kwa miaka 7, na kila mkopeshaji atakayeombwa mkopo anaiona.

Pengo hilo si bahati mbaya ya wachache. Gari hupoteza thamani kwa kasi zaidi katika miaka yake ya mwanzo, na marejesho ya mwanzo ndiyo yanayobeba riba nyingi zaidi. Anayekwama mapema hulikuta gari lake limeshuka bei kuliko deni lilivyoshuka. Mkopo ukiwa wa miaka mingi na malipo ya awali yakiwa madogo, hali hiyo hudumu muda mrefu zaidi.

Upande wa mkopeshaji una hoja nzito, na sioni haki kuipita juu juu. Nyumba haihami, gari linaweza kuvuka mpaka usiku mmoja, kugongwa, au kung'olewa vipuri likauzwa vipande vipande. Kesi ya miezi mingi humwachia mkopeshaji chuma chakavu. Gharama ya hasara hiyo haiishii kwake, maana huiweka kwenye riba ya wakopaji wanaofuata, wakiwamo wale wanaolipa kwa wakati. Tena mtu asiye na kiwanja wala nyumba ya kuweka rehani hukopeshwa gari kwa sababu hiyo hiyo moja: mkopeshaji anajua anaweza kulifikia. Ukimwondolea uwezo huo, wa kwanza kunyimwa mkopo atakuwa maskini.

Nchi zimejibu hoja hiyo kwa njia tofauti. Katika majimbo mengi ya Marekani mkopeshaji anaweza kulichukua gari bila kwenda mahakamani, mradi asivunje amani: asivunje kufuli la gereji, asitishe mtu, asiendelee kuvuta gari ilhali mwenyewe yupo hapo anakataa. Uingereza, chini ya Sheria ya Mikopo ya Watumiaji ya 1974, gari lililonunuliwa kwa mpango wa kukodi hadi kumiliki haliwezi kuchukuliwa bila amri ya mahakama pale mnunuzi anapokuwa ameshalipa theluthi moja ya bei yote, isipokuwa mwenyewe aridhie. Afrika Kusini, kwa sheria yake ya mikopo ya 2005, humtaka mkopeshaji ampe mkopaji notisi ya maandishi na kumweleza kwamba anaweza kwenda kwa mshauri wa madeni. Mkopaji asipolitoa gari kwa hiari, inahitajika amri ya mahakama.

Mjadala mwingi huishia hapo, kwenye swali la nani alichukue gari na kwa ruhusa ya nani. Ninaelewa kwa nini. Kuona gari likivutwa mbele ya watoto ni fedheha isiyosahaulika, na kwa anayelitumia kutafuta riziki, kulichukua ni kumkatia njia ileile ya kulipa. Hata hivyo naamini dhuluma kubwa zaidi hutokea baadaye, kwenye mauzo, mahali ambapo mkopaji hayupo na hakuna anayetazama.

Fikiria motisha ilivyo. Mkopeshaji anataka fedha zake haraka. Bei ikiwa ndogo, upungufu anaudai kwa mkopaji. Basi ana sababu gani ya kusubiri mnunuzi mzuri? Sheria ya Marekani humtaka auze kwa utaratibu unaofaa kibiashara katika kila hatua, kuanzia tangazo, muda na mahali hadi masharti. Lakini sheria hiyohiyo inasema kwamba kuonekana baadaye kuwa bei kubwa zaidi ingepatikana hakutoshi peke yake kuthibitisha kuwa mauzo yalikuwa mabovu. Wakopeshaji wana jibu hapa, na lina ukweli ndani yake: gari la mnadani huuzwa lilivyo, bila dhamana ya ubora, mara nyingine bila historia ya matengenezo, kwa hiyo kulilinganisha na bei ya gari linalouzwa taratibu na mwenyewe ni kuonea. Nakubali. Ila anayeshika picha za gari, idadi ya wanunuzi waliofika na risiti za yadi ni mkopeshaji. Mzigo wa kuthibitisha kwamba mauzo yalikuwa ya haki ungepaswa kuwa wake daima.

Kuna ushauri unaosambaa kwamba ni bora kulirudisha gari mwenyewe kabla hujafuatwa. Unasaidia kwa kiasi: unaepuka gharama za kulikamata na aibu ya barabarani. Haufuti deni, na hapo ndipo watu huumia. Marekani na Afrika Kusini anayelirudisha kwa hiari kwa kawaida bado anadaiwa upungufu. Uingereza ni tofauti: mnunuzi wa mpango nilioutaja anaweza kuvunja mkataba na kulirudisha gari, na akiwa amelitunza ipasavyo, wajibu wake kwa kawaida huishia kwenye nusu ya bei yote pamoja na awamu alizokuwa amechelewesha. Kabla ya kukabidhi funguo, soma mkataba, na kama mkopeshaji amekubali kufuta kitakachobaki, akuandikie na kusaini. Ahadi ya simu haina pa kushikwa. Kulificha gari ni kubaya zaidi. Mahali pengine kulificha huko hugeuza deni la madai kuwa kosa la jinai. Vitu vyako vilivyomo ndani, kama zana za kazi, nguo au nyaraka, kwa kawaida si sehemu ya dhamana, hivyo vidai mapema na kwa maandishi.

Kinachobaki ni swali la adhabu kwa mkopeshaji anayekiuka utaratibu. Uingereza akilichukua gari ambalo theluthi ya bei yake imeshalipwa, bila amri ya mahakama wala ridhaa, mkataba unakufa, mnunuzi anaachiliwa na kila deni lake, na anarudishiwa kila alichokwisha kulipa. Wapo wanaoona hilo limezidi, kwa kuwa mtu aliyeendesha gari miaka miwili anaondoka kama hakuwahi kulipia chochote. Kwa makosa ya mauzo ningependekeza kipimo kilicho karibu zaidi na kosa: mkopeshaji asiyetoa notisi, au asiyeweza kuonyesha jinsi gari lilivyouzwa, abaki na alichopata mnadani na apoteze haki ya kudai upungufu. Utunzaji wa kumbukumbu hizo hauna gharama ya kutisha, na anayeuza kwa uaminifu tayari anazo.