Kizio ni nusu, lakini nani kapasua?

Jina la kizio katika lugha nyingi za Ulaya limetokana na maneno mawili ya Kigiriki: hemi, yaani nusu, na sphaira, yaani tufe. Warumi walilichukua wakaliita hemisphaerium. Nasi tunalo nusutufe, lililoundwa kwa mtindo huohuo, na tunalo kizio, ambalo ni nusu ya kitu cha mviringo kilichopasuliwa, kama nazi. Mimi nachagua kizio. Neno hilo halisahau panga: hakuna kizio mpaka kitu kipasuliwe. Kwa hiyo kila tunapotaja vizio vya dunia, tuna haki ya kuuliza ni nani kapasua, na kwa nini akapitisha panga pale.

Kwa vizio vya kaskazini na kusini, jibu ni dunia yenyewe. Inajizungusha kwenye mhimili wake, mhimili una ncha mbili, na katikati ya ncha hizo ipo Ikweta, kilomita 40,075 kuizunguka dunia. Hakuna aliyeichagua. Na tofauti za pande zake ni za kweli: kaskazini wakiwa katika kiangazi, kusini ni majira ya baridi. Vimbunga vya kaskazini huzunguka kinyume na mwendo wa saa, vya kusini hufuata mwendo wa saa. Hata mwezi, anayeutazama kutoka kusini kabisa huuona umepinduka ukilinganisha na anavyouona wa kaskazini.

Mashariki na magharibi ni habari nyingine kabisa. Mstari wa Greenwich, unaopita London na kuvitenga vizio hivyo, ulichaguliwa kwa kura, Oktoba 1884, mjini Washington, wajumbe wa nchi 25 walipokutana kutafuta longitudo moja ya kuanzia kuhesabu. Nchi 22 ziliunga mkono, moja ikapinga, Ufaransa na Brazili hazikupiga kura. Sababu ilikuwa ya kibaharia: meli nyingi tayari zilitumia ramani zilizohesabiwa kutoka Greenwich. Ufaransa iliendelea kuhesabu saa zake kwa mstari wake wa Paris hadi mwaka 1911. Sina ugomvi na uamuzi huo, maana sifuri lazima iwekwe mahali. Ugomvi wangu ni kuifundisha mistari miwili, Ikweta na Greenwich, kana kwamba ni ndugu wa baba mmoja. Ukivuka Greenwich kwenda mashariki, jua, upepo na majira havina habari nawe.

Mkanganyiko huu una madhara. Katika siasa, "kizio cha magharibi" maana yake ni bara la Amerika. Rais James Monroe wa Marekani alizungumza hivyo mwaka 1823 alipozionya dola za Ulaya zisiingilie upande huo, na lugha hiyo haijafa. Lakini tazama ramani: Senegali, Liberia, Ureno, Ayalandi na sehemu kubwa ya Uingereza zote ziko magharibi ya Greenwich. Afrika ina ardhi katika vizio vyote vinne, na mistari miwili hukutana baharini, katika Ghuba ya Guinea. Anayesema "kizio chetu" huku akimaanisha eneo lake la ushawishi anaazima heshima ya jiografia kwa jambo ambalo si la jiografia.

Tufe halina mahali pake pa lazima pa kupasuliwa. Wanajiografia wana hata kizio cha nchi kavu, ambacho kitovu chake kiko magharibi ya Ufaransa, karibu na mji wa Nantes. Kimepangwa kikusanye nchi kavu nyingi iwezekanavyo, na bado bahari inazidi kidogo nusu yake!

Ubongo nao una vizio viwili, na huko ndiko neno limeonewa zaidi. Roger Sperry, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1981, alichunguza wagonjwa wa kifafa waliokatwa mishipa ya fahamu inayounganisha vizio hivyo, akaonyesha kila upande unaweza kazi gani peke yake. Watu wakachukua matokeo hayo wakaanza kujigawa: huyu ni wa ubongo wa kushoto, mtu wa hesabu, yule ni wa kulia, msanii. Wale wagonjwa walikatwa kweli, na madaktari, kwa ajili ya matibabu. Kwa mtu ambaye hajakatwa, vizio viwili vinapashana habari bila kukoma, awe anapiga hesabu au anachora.