Ada ya Kuwa Baba wa Msomi

Tangu binti yangu apate barua ya kukubaliwa katika chuo kikuu cha binafsi, nimegundua kwamba hapa Busia, upande wa Uganda, kila mtu ana ushauri na hakuna mwenye shilingi. Mimi ni muuza vipuri vya pikipiki, na duka langu sasa limegeuka baraza la elimu ya juu: mteja anakuja kutafuta waya wa klachi, anaiona barua niliyoibandika kando ya kalenda, anaisoma hadi kwenye muhuri, kisha ananipangia maisha yangu na kuondoka bila kununua hata plagi.

Barua yenyewe imeandikwa kwa upole mwingi. Inasema ada ya masomo ni milioni 1 na nusu kwa muhula, nami nikazidisha kwa mihula 6 ya miaka mitatu, nikapata milioni 9, nikajiona mwanamume. Ndipo mama watoto akaigeuza karatasi, na kule nyuma, kwa herufi ndogo, tukakuta ndugu zake ada: kujiandikisha, maktaba, mitihani, kitambulisho, intaneti, michezo na serikali ya wanafunzi, jumla laki 6 kila muhula. Hata Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, ambalo kazi yake ni kuvikagua vyuo ili visitupunje, mwanafunzi hulilipa elfu 20 kwa mwaka. Nilipoongeza hosteli ya laki 7 kwa muhula, hesabu ilifika milioni 16 na laki 8, na hapo mtoto bado hajala, hajapanda teksi wala hajadai kompyuta.

Kwa fedha hizo ningenunua pikipiki mpya mbili na chenji ikabaki, nikawapa vijana wakaniletea hesabu kila jioni. Ubaya wa hoja hii ni kwamba baadhi ya vijana ambao ningewapa hizo pikipiki wana shahada tayari. Yupo mteja wangu mmoja, dereva wa boda boda aliyesomea maendeleo ya jamii, ambaye humtambui kwa mavazi bali kwa namna anavyoomba kupunguziwa bei. Wenzake husema, "Mzee, tusaidiane," lakini yeye huanza na mfumuko wa bei, akapitia bandari ya Mombasa, akamalizia na thamani ya dola, na ninapozinduka nimeshamuuzia tairi kwa hasara. Nilimuuliza kama shahada ilimfaa kitu. Alinijibu, kwa utulivu wote, kwamba bila shahada asingeweza kunieleza kitaalamu ni kwa nini hana kazi.

Shemeji yangu, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, anashikilia kwamba binti arudie mtihani wa Sinia 6, yaani wa kumaliza sekondari, ili aende Makerere, chuo kilichoanza mwaka 1922, ambako, kwa maneno yake, "serikali ndiyo inayosomesha." Nimemweleza mpaka sauti imekauka kwamba serikali hudhamini wanafunzi wapatao 4,000 kwa mwaka katika vyuo vyake vyote, na kwamba Makerere yenyewe ilianza kupokea wanaojilipia tangu miaka ya 1990, hivyo binti akikosa zile pointi za udhamini, nako nitapokewa kwa hati ya malipo. Shemeji hakubali. Anasema vyuo vya binafsi hufundisha kozi zisizotambuliwa. Nikamkumbusha lile zogo la mwaka 2023, orodha ya kozi zilizopitwa na muda wa ithibati, yaani kibali cha kufundishwa, ilipozagaa na Makerere nayo ikaguswa. Mimi nilikuwa nikijua kwamba maziwa ndiyo yanayoisha muda, kumbe na kozi vilevile. Shemeji aliomba chai.

Kosa la binti, kama ni kosa, ni kuchukua historia, uchumi na dini badala ya sayansi. Shule yake ilikuwa na maabara nzuri sana, ila ufunguo ulikaa kwa mwalimu mkuu. Mwaka 2022 serikali ilipandisha mshahara wa mwalimu wa sayansi mwenye shahada hadi milioni 4 kwa mwezi, na walimu wa masomo ya sanaa, walioachwa nje, wakaweka chaki chini kwa uchungu. Bodi ya mikopo ya wanafunzi nayo macho yake yamekuwa kwa sayansi, kwa hiyo binti yangu bodi yake ni mimi, na dhamana ya mkopo ni duka la vipuri.

Ajabu ni kwamba kwa cheti alicho nacho leo binti huyu anaweza kugombea ubunge, kwa kuwa Katiba inamtaka mbunge awe na Sinia 6 au elimu inayolingana nayo. Mwaka 2012 watu wa jimbo la Usuk walimchagua Proscovia Alengot Oromait kuwa mbunge akiwa na miaka 19, naye alikuwa ametoka sekondari juzi tu. Lakini mtoto wangu akitaka kuwa karani wa kupokea barua katika ofisi ya yule mbunge, tangazo litadai shahada na uzoefu wa miaka 5. Kwa sababu hiyo tu ninaelekea kulipa, huku nikinung'unika.

Kinachoniuma zaidi ni jamaa. Mwaka jana nilipigiwa simu na kamati za harusi hadi nikachoka kuchaji, watu wakiahidi keki, hema na magari ya maharusi. Nilipoitisha kikao cha ada, walikuja wote, wakala matoke, wakaahidi maombi. Mjomba mmoja alitaka tuzungumzie ng'ombe tutakaopokea siku mchumba atakapokuja kujitambulisha, kwa kuwa msomi huongeza idadi. Binti akamjibu, "Mjomba, tukubaliane: nusu ya ada utoe wewe sasa, na nusu ya ng'ombe uchukue baadaye." Mjomba akakumbuka kwamba mvua inakuja.

Jumatatu nitalipa kiasi cha kujiandikisha tu, ambacho barua inasema hakirudishwi. Shemeji ameahidi kumsindikiza hadi chuoni na kumbebea godoro, mradi nimlipie nauli ya kwenda na kurudi, pamoja na chakula cha mchana.