Ukilipia namba, upewe na jina lake

Mwenye seva nyumbani hapa Lamu hafiki mbali kabla ya kukwama kwenye barua pepe. Kikoa, yaani jina lake la mtandaoni, ameshanunua, rekodi ya A (inayotaja namba ya jina hilo) inaelekea kwake, SPF na DKIM (rekodi za kuthibitisha mtumaji wa barua) zimekaa sawa, na bado Gmail inamrudishia barua na kosa 550 5.7.25. Maana yake anwani yake ya IP, yaani namba ya seva yake mtandaoni, haina PTR iliyo sawa, ile rekodi inayojibu kwamba namba fulani ni ya jina fulani.

Wengi hukimbilia kwa aliyewauzia kikoa. Hana la kuwasaidia. Kikoa cha .co.ke ni chako, lakini namba ni ya mtoa huduma wa intaneti, naye amegawiwa na AFRINIC, shirika linalogawa namba za Afrika, huko Morisi. Anayetafuta jina kwa kuanzia kwenye namba huipindua kwanza: 203.0.113.25 inakuwa 25.113.0.203.in-addr.arpa, na sehemu hiyo ya orodha ya majina huandikwa na mwenye namba peke yake. Seva inayopokea barua ni kama mzee wa mtaa wa Mkomani aliyepigiwa hodi usiku. Jina ulilojitajia halimtoshi, atataka kujua u wa nyumba gani, kisha aiulize nyumba yenyewe kama inakujua. Namba itaje jina, na jina lirudi kwenye namba ileile.

Sasa hapa ndipo ninapogombana na watoa huduma. Anwani ya kudumu, yaani namba isiyobadilika, tunailipia kila mwezi, tena si bei ya maandazi. PTR ni mstari mmoja kwenye faili lao. Mwongozo wa mafundi wa intaneti uitwao RFC 1912, wa mwaka 1996, ulishasema kila anwani iwe na PTR inayolingana na jina lake. Lakini piga simu uombe, uambiwe uzime ruta uiwashe tena! (Kijana wa simu simlaumu, anasoma alichoandikiwa.)

Najua watajitetea kwa barua taka. Kwa anwani zinazobadilikabadilika nakubaliana nao, hata mlango wa 25, unaopitisha barua kutoka seva hadi seva, na waufunge, kwani kompyuta za majumbani zenye virusi zimemwaga taka nyingi. Ila mteja wa anwani ya kudumu wanamjua kwa jina, kitambulisho na risiti. Wanamwogopea nini?

Kabla ya kuomba, tazama ruta yako. Ikiwa anwani yake ya nje iko kati ya 100.64 na 100.127, hiyo mnachangia na wateja wengine, na PTR usahau. Kodi seva ndogo ng'ambo, barua zitokee huko, hifadhi ibaki kwako mtaani Langoni. Kule, jambo linaloniudhi, PTR unajiwekea mwenyewe kwenye ukurasa wa mteja bila kumbembeleza mtu.

Mwenye anwani yake halisi asipige simu, aandike. Ataje namba, jina kamili la seva, na aseme rekodi ya A iko tayari, kisha akague kwa amri ya dig -x, inayouliza jina la namba. Akiwa pia na IPv6, ile aina mpya ya anwani iliyo ndefu zaidi, aombe PTR za anwani zote mbili pamoja, kwa sababu seva yake huenda ikatumia IPv6 kutuma, na Gmail ikamkataa kwa namba ambayo hata hakuikumbuka.