Dumu la Mama Mkwe

Wifi yangu ameshawasimulia habari za lile dumu la mbege, pombe ya ndizi ya Wachaga. Najua, kwa sababu tangu jana jioni simu haijatulia, na kila anayepiga anacheka kabla ya salamu. Kuna binamu wa mume wangu yuko Mwanza, hatujawahi hata kuonana, naye asubuhi hii kanipigia kuuliza, "Shemeji, bomu limeshapoa?" Basi acha niandike mwenyewe, maana kwenye simulizi ya wifi mimi nilikimbia nikaacha viatu. Sikukimbia. Na kiatu kilikuwa kimoja.

Kwa msionijua: mimi Msambaa wa Lushoto, nimeolewa Mwika, Uchagani kule Kilimanjaro. Hii ndiyo Krismasi yangu ya kwanza ukweni, na Wachaga na Desemba mnawajua. Ukimkuta Mchaga bado yuko Dar tarehe 24, muulize ana kesi gani.

Jumamosi sitaisimulia sana. Alfajiri tulikwenda kukata majani ya ng'ombe, mteremko mkali, umande mpaka magotini. Wifi alibeba mzigo wake kichwani huku anaongea na simu. Wangu ulifunguka getini, mbele ya ng'ombe mwenyewe. Baadaye tukafagia makaburi ya wazee kule kihambani, shamba la ukoo, na kuyapaka chokaa, tukamenya ndizi za machalari, tukapanga foleni saluni mpaka giza likaingia. (Saluni zote za Mwika wiki hii zimejaa watu wa Dar. Ukitaka kusuka, nenda na chakula.) Mpaka hapo nilikuwa mkwe mwema kabisa. Mama mkwe aliniita "mwanangu" mbele ya majirani, nikavimba kichwa.

Jumapili, tumetoka ibada ya mwisho ya Majilio, mama akaniita jikoni. Dumu la lita 20, limejaa mbege.

"Mwanangu, hili lifike Himo kwa baba mkubwa kabla ya saa tisa. Wazee wa ukoo wanakaa leo."

Baba mkubwa alishahamia Himo kwa ajili ya magoti, baridi ya huku juu haimfai, lakini mbege ya Himo anasema si mbege. Hii ya mama ilikuwa imechanganywa uji wa kimea cha ulezi usiku wa kuamkia siku hiyo, kwa hiyo ilikuwa bado inachemka yenyewe, bila moto. Mdomoni mama alikuwa amechomeka jani la mgomba lililosokotwa. Akasema, "Hilo jani usilitoe." Basi. Sababu hakusema, na mimi mkwe mpya, namuulizaje mama mkwe sababu?

Tukafika barabarani mimi na wifi. Noah ya abiria ikaja imejaa, kama zote za msimu huu. Konda akalitazama lile jani.

"Dada, hilo litanichafulia gari. Weka kifuniko au subiri nyingine."

Nyingine ipi, Desemba hii? Nikamwambia mama kasema jani lisitoke. Akaniambia mama yangu hana Noah. Akaingia duka la jirani, akatoka na kifuniko cha dumu la mafuta ya kula na kipande cha nailoni. Jani akalitupa. Nailoni akaweka, kifuniko juu yake, akakaza kwa mikono miwili mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Naomba mlishike hilo. Nani alikaza? Konda. Nani anaitwa Mama Bomu kwenye kundi la ukoo? Mimi.

Tulikaa wanne wanne. Dumu katikati ya miguu yangu, kushoto mama mmoja na jogoo wake, nyuma mzee wa suti amesinzia, wifi dirishani anarekodi migomba aweke status.

Hatujafika Marangu Mtoni, nikasikia: ssssss.

"Pancha!" konda akapiga kelele. Gari pembeni, wote chini, dereva akazunguka anapiga matairi teke. Matairi mazima. Tukapanda. Ssssss. Mama wa jogoo akanigeukia kwa upole ambao bado unaniuma, akaninong'oneza, "Mwanangu, tumbo linakusumbua?" Nikasema hapana. Hakuniamini. Akafungua dirisha.

Nikainama kulitazama dumu. Halikuwa na pembe tena. Lilikuwa limevimba pande zote kama chura aliyechokozwa, na kadiri tulivyoteremka na jua kuwa kali ndivyo lilivyozidi kunisukuma magoti. Nikamwita wifi. Akasema kwa kujiamini, "Mbege huwa inafanya hivyo," akaendelea kurekodi.

Tumeipita Marangu Mtoni kidogo tu, trafiki akatupiga mkono.

Sasa hapa twende taratibu.

Afande alikuwa kijana, sare nyeupe pepepe, imepigwa pasi mpaka unaogopa kuisogelea. Akafungua mlango wa pembeni, akaanza kutuhesabu kwa kidole. Konda anatabasamu kama mtu wa harusini. Afande akafika kwangu, kidole kikasimama hewani. Akainamisha sikio.

"Nini hicho kinachopumua?"

Gari zima kimya. Hata jogoo.

"Mbege, afande. Ya mama mkwe."

"Mbege haipumui. Hiyo gongo. Shusha."

Nikashusha. Nililiweka kando ya lami kwa adabu, kama mtoto mchanga wa watu. Akasema fungua. Nikashika kifuniko, hakizunguki. Niliwaambia konda alikikaza. Afande akanisogeza, akachuchumaa, akalibana dumu kwa magoti. Kwenye dirisha la nyuma yule mzee wa suti akazinduka, akasema kitu kwa Kichaga. Mimi Kichaga changu kinaishia kwenye salamu, shimbonyi. Wifi alielewa, kwa sababu nilimwona anarudi nyuma, anarudi, na simu ameinyanyua juu. Baadaye ndiyo nikatafsiriwa: mzee alisema mwambieni asiweke uso.

Afande aliweka uso.

Kikazunguka robo. Povu jembamba likatoka pembeni, akalitazama. Kikazunguka robo nyingine. Halafu sikuona kifuniko tena. Wengine wanasema kilipita juu ya Noah, mimi nilisikia tu PAH, na mbege ikasimama wima, ikampata kidevuni, ikaivua kofia, ikarudi chini kumalizia kifua. Rangi ya mbege mnaijua, kahawia. Rangi ya sare nimeshawaambia. Punje za ulezi zimeganda kwenye nyusi. Mimi nimesimama na kiatu kimoja, kingine kimenasa kwenye majimaji ya shimoni, mikono kichwani, nasema "samahani afande, samahani afande" kama santuri mbovu.

Hakusogea. Macho ameyafumba, mbege inachuruzika puani. Dumu nalo bado linakoroma. Wa kwanza kucheka alikuwa konda, mwenye gari lililozidisha abiria!

Kisha afande akatoa ulimi, akaramba mdomo wa juu. Akafikiri.

"Msesewe umezidi," akasema, yaani lile gome chungu linalotiwa kwenye mbege.

Kumbe kijana wa Kibosho, Mchaga mwenzao.

Yaliyobaki mafupi. Nilimpa kanga yangu ajifutie, ile iliyoandikwa "Mgeni njoo mwenyeji apone", na bado anayo. Dereva kaandikiwa faini ya kuzidisha abiria na anadai nimlipe mimi. Himo tulifika saa kumi, dumu nusu, wazee wakanywa na kusema haijawahi kutokea mbege laini hivyo. Mama mkwe hajanigombeza. Kaniuliza tu jani liko wapi, nikamweleza habari za konda, akaitikia "mh." Ile "mh" nimelala nayo. Krismasi nimepangiwa kumenya viazi, mbali na vinywaji vyote.

Sasa wifi, najua unasoma. Ile video uliyorusha inaanzia pale afande anachuchumaa. Kipande cha konda anakaza kifuniko unacho, nilikuona unarekodi. Kiweke na chenyewe. Kiweke leo, kabla mama hajaonyeshwa hicho kingine.