Sio Magugu Yote ni Adui

Kila Julai hakosi mtu wa kuniuliza: Texas yote hii imejaa mabwawa ya maji safi, wewe unaendesha gari karibu saa tatu kutoka Dallas ukavue samaki kwenye majani ya majini ya Ziwa Caddo, una nini? Nina kichaa cha majani, ndilo jibu. Na nimechoka kusikia yakitukanwa na watu ambao boti yao haijawahi kukwama ndani yake.

Caddo iko mpakani mwa Texas na Louisiana. Ilikuwa ziwa kabla ya kuwa bwawa. Ukuta wa kwanza wa kuzuia maji ulijengwa 1914, na uliopo sasa ni wa 1971. Sehemu kubwa haifiki kina cha mita tatu. Miberoshi imesimama majini, mmea wa kijivu kama ndevu ukining'inia matawini, na katikati yake ni yungiyungi na nyasi za chini ya maji zilizoshonana kama mkeka. Ukiwasha injini bila kuangalia, propela inavaa kilemba.

Wavuvi wengi watakwambia kwamba jua likiwa kali, besi, samaki ninayemfuata, anashuka kilindini. Sawa, lakini Caddo atashuka wapi? Samaki wa huku hatafuti kina, anatafuta paa. Majani yakishatanda juu, chini yake hubaki vyumba vyenye kivuli na wadudu na samaki wadogo wa kuliwa. Mchana nyasi zilizozama hutoa oksijeni, na hilo si jambo dogo, maana maji ya moto huishika kidogo. Ila usiku nyasi hizo hizo huivuta tena, na mawingu yakikaa siku kadhaa mfululizo, kichaka kizito hugeuka mahali pa kukaba roho. Ndiyo maana sikimbilii kichaka kizito kuliko vyote. Natafuta pindo lake, au tundu lenye upana wa sufuria ya ugali.

Halafu nasikiliza. Chini ya yungiyungi kuna vile visamaki bapa vinavyofanana na tilapia wachanga, na vinapofyonza wadudu upande wa chini wa jani hutoa sauti ya busu: mwa, mwa. Panapobusiwa hivyo pana uhai, na besi hayuko mbali. Pakiwa kimya kabisa nasogea, hata papendeze vipi.

Chambo changu ni chura wa mpira, mwenye ndoano mbili zilizolala mgongoni zisinase majani. Namtupa juu ya mkeka, namburuta taratibu, akifika kwenye tundu namwacha atulie. Hapo ndipo maji hupasuka. Na hapo ndipo, miaka yote hii, mimi huharibu mambo. Mwezi uliopita, alfajiri, jani liliinuka kama kifuniko cha chungu kinachochemka, chura akapotea, nikavuta papo hapo kwa nguvu zote. Chura alirudi akipita karibu na sikio langu, bila samaki. Besi alikuwa bado hajafunga mdomo! Unatakiwa kungoja mpaka mkono usikie uzito, kisha ndipo uvute, ukiwa na mshipi mnene wa kusokotwa, kwa sababu utakayemtoa atakuja na kilo kadhaa za nyasi. Nalijua hilo kama jina langu. Mkono haulijui.

Sasa linaloniudhi. Kila kiangazi pale gatini kuna anayesema ipulizwe dawa bwawa zima, majani yaishe, watu wavue kwa raha. Anachanganya mwenye nyumba na mwizi. Mwizi wa Caddo anajulikana: salvinia kubwa, jani dogo lenye manyoya linaloelea, asili yake Brazil, lililoonekana hapa mwaka 2006. Kwenye joto huweza kuongezeka maradufu kwa wiki moja au pungufu. Linafunika maji, mwanga haupiti, nyasi za chini zinakufa na kuoza, na oksijeni inakwenda nazo. Hilo lipulizwe dawa, na fukusi wanaolila waachiwe kazi, ingawa maskini baridi ya huku huwaua. Lakini nyasi zilizozama ziachwe.

Sisemi hivi kwa kusoma tu. Nimekulia kando ya Ziwa Naivasha, Kenya, na jani hilo hilo lilifika kwetu miaka ya 1960, kabla hata ya gugu maji la 1988. Besi naye ni mgeni kutoka Marekani, alipandikizwa ziwani 1929 ili wazungu wapate wa kuvua kwa burudani. Halafu 1970 akaletwa kamba mwekundu, ambaye asili yake ni mabwawa ya Louisiana, jirani kabisa na ninapovua leo. Kamba huyo alikula nyasi za chini ya maji mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1980 zikawa zimetoweka. Zilirudi, zikapungua tena, zikarudi. Mjomba wangu, aliyekuwa akitega nyavu upande wa Kamere, hakuwahi kusikia neno ikolojia, lakini alikuwa na kipimo chake: maji yakionekana meupe matupu chini, alisema, leo tutakula sukuma wiki. Karne hii akaingia kapu, samaki wa matope, akaja kujaa nyavuni Naivasha. Besi amekuwa wa kusimuliwa.

Kwa hiyo nikimsikia mtu akililia maji matupu, namkumbuka mjomba na sukuma yake.

Jumamosi iliyopita nilimkuta jamaa akishusha boti, trela limetoka bwawa jingine, na kwenye ekseli kuna jani la kijani jembamba kama uzi. Sheria ya Texas inataka umwage maji yote na utoe kila jani kabla ya kuondoka bwawani. Nikainama nikalibandua. "Ni kajani kamoja tu, bwana," akasema, akicheka. Nikaliweka juu ya boneti ya gari langu. Ilikuwa saa nne, jua limeshakolea. Tulipomaliza kusalimiana, jani lile lilikuwa limeanza kujikunja.