Umefika au Umefika?

Nchi hii kila mtu ni mtaalamu wa safari, isipokuwa yule anayesafiri. Wewe tamka tu kwamba wiki ijayo unakwenda Mombasa harusini, halafu uone. Mtu ambaye tangu azaliwe hajavuka Kibaha anavuta kiti, anashusha pumzi, anaanza: "Sasa sikiliza nikwambie."

Jirani yangu alinionya nisinywe maji kuanzia usiku wa safari, maana basi halisimami ovyo. Mwenye duka pale mtaani akaniambia ninywe maji mengi sana kwa sababu Mombasa kuna joto. Sisi wa Dar es Salaam sijui anadhani tunaishi Makete kwenye baridi. Mwingine akaniambia nisikae dirishani, nitaporwa simu. Nisikae upande wa njia, nitaangukiwa na mabegi. Nisikae nyuma, nitarushwarushwa. Mbele ndiyo kabisa nisithubutu. Nikamuuliza, sasa ndugu yangu nikae wapi? Akafikiri, akasema, "Kaa popote, ila kuwa makini."

Hili la kuwa makini ndilo linalonitoa roho. Nikae makini nimfanyeje dereva anayelipita lori kwenye kona ya Wami? Nimkodolee macho kisogoni? Mimi nimefungwa mkanda, pajani kuna begi la mtu nisiyemjua, juu ya begi kuna mtoto wa mtu mwingine nisiyemjua, na umakini wangu wote umekwisha kwenye kuhakikisha huyo mtoto hatapiki.

Mjomba wangu ndiye bingwa. Yeye safari yake ya mwisho aliifanya enzi za Ubungo, na ushauri wake haujawahi kuhama pale. "Ukifika Ubungo usiongee na mtu. Shika begi kwa mbele, nenda moja kwa moja ofisini kwao." Nikamwambia, Mjomba, mabasi ya mikoani yalishahama Ubungo, tangu 2021 yako Mbezi Luis, Kituo cha Magufuli, na pale Ubungo sasa kuna barabara za juu. Akaitikia vizuri tu. "Najua. Lakini ukifika Ubungo usiongee na mtu."

Na nilipita Ubungo alfajiri ile, na kweli sikuongea na mtu, kwa sababu nilikuwa ndani ya bajaji inayokimbia na dereva wake alikuwa anapiga stori na simu. Tukapita Kimara Mwisho, pahali ambapo mji hauna dalili yoyote ya kuisha. Tukapita Temboni, ambako mnyama mkubwa niliyemwona ni mbuzi.

Lakini nimeruka kisa cha tiketi. Tiketi imeandikwa kuondoka 06:00. Wakala akanitumia ujumbe, "gari saa 12 msichelewe". Mke wangu akanakili kwenye kundi la ukoo: "tunaondoka saa 12". Hapo hapo binamu aliyesomea Nairobi akauliza, saa kumi na mbili ipi, ya saa au ya Kiswahili? Shangazi, ambaye macho yake hayamruhusu kusoma kila kitu, akaiona ile picha ya tiketi, akaona sita, akaridhika. Siku ya safari, jua la utosini, sisi tumeshapita Segera, simu inaita. Ni Shangazi. Yuko Mbezi Luis na kikapu cha vitumbua, anatutafuta aje kutuaga.

Halafu hatukuwa tumeelewana hata siku yenyewe ya harusi. Kadi ilisema usiku wa Ijumaa. Mimi nikasema vizuri, Ijumaa jioni nitavaa kanzu. Mke wangu, mtu wa Tanga, akanitazama kwa huruma. Kwa watu wa pwani jua likizama Alhamisi, Ijumaa imeshaingia, kwa hiyo usiku wa Ijumaa ni Alhamisi usiku. Ijumaa usiku ninayoisema mimi wenyewe wanaiita usiku wa Jumamosi. Nikauliza, na Jumamosi usiku? Akasema hiyo si yetu, harusi itakuwa imeshakwisha. Ndiyo maana tukasafiri Jumatano, na mpaka leo mjomba wangu anaamini tulikwenda mapema ili tukale.

Sasa tuje kwenye uandishi, maana huko ndiko kwenye kidonda. Kiswahili chetu, kwa uzuri wake wote, swali na taarifa vinavaa nguo moja. Mwingereza akitaka kuuliza anageuza maneno, la kwanza linakuwa la pili. Sisi hatuna shida hiyo, tunapandisha sauti kidogo mwishoni, basi. "Amekuja." "Amekuja?" Maneno yale yale, koo ndilo linalofanya kazi. Sasa koo haliendi kwenye simu. Kinachokwenda ni kale kamkunjo kenye kitone chini, na watu wa ukoo wangu wanakabania kana kwamba kanatozwa tozo.

Tuko Muheza, basi limesimama, namenya chungwa. Muheza na machungwa mnajua wenyewe. Mtandao ulikuwa umepotea kwa muda mrefu, ukarudi, simu ikaanza kutetemeka mpaka mtoto wa pajani akaamka. Nikafungua kundi la ukoo. Ujumbe wa kwanza ni wa Mjomba: "gari limeharibika". Mjomba alikuwa anauliza! Aliona tumekaa kimya, akataka kujua kama kuna tatizo. Lakini aliyefuata akasoma habari: "Poleni sana jamani". Wa tatu: "Inna lillahi". Huyo wa tatu sijui aliona nini. Wa nne, yuko Songea, hana ndugu yeyote kwenye basi zaidi yetu sisi: "majeruhi wamepelekwa bombo". Naye alikuwa anauliza, masikini, lakini Bombo ndiyo hospitali ya mkoa wa Tanga, kwa hiyo jibu lilishakamilika kabla ya swali. Binamu mmoja akafungua orodha ya michango, akajiandika wa kwanza, elfu kumi, na alama ya vema pembeni.

Nikaandika: "Hatujaharibikiwa. Tunakula machungwa." Mtu akajibu, "mshukuruni mungu mna nguvu ya kula".

Na usidhani ukiwafundisha watapona. Niliwahi kuwaomba kwa upole kabisa waweke alama za uandishi. Ehee! Tangu siku hiyo Shangazi haandiki tena bila alama za kuuliza nane. "Umeamka????????" Nikiamka nikaiona hiyo nahisi nina kesi polisi. Shemeji yeye amependa mshangao. "Leo tumepika maharage!!!" Mtu unajiuliza kuna nini ndani ya hayo maharage. Na binamu amehamia kwenye nukta tatu, kila kitu nukta tatu: "Nipo nyumbani..." "Nimekula..." Sentensi zake zote zinaondoka bila kuaga, nabaki nimeshika simu nikisubiri zirudi.

Hata barabarani hupumziki. Kuna banda la chakula limeandikwa kwa rangi nyekundu, Karibu chakula "kitamu", hilo neno kitamu liko ndani ya alama za kunukuu. Anamnukuu nani? Mwenye banda anasema hivyo ndivyo watu wanavyosema, yeye hayumo. Mbele yake ukuta: HAPA SI CHOO MBELE YA NYUMBA HII USIKOJOE. Ukisoma kwa pumzi moja ni amri. Ukipumzika baada ya "si", mwenye nyumba amekuelekeza kwamba choo kiko mbele ya nyumba yake.

Na kwa kuwa tumefika kwenye choo. Njia nzima ya Tanzania konda akitangaza "dakika kumi, kuchimba dawa!" watu wazima na heshima zao wanashuka, wanatawanyika vichakani, hakuna aliyewahi kurudi na mzizi. Sasa tumevuka Horohoro, tumeingia Lunga Lunga upande wa Kenya. Pale dirishani ofisa wa uhamiaji alinitazama akasema "unaenda Mombasa", sauti imenyooka kama rula, sikujua ananiuliza au ananijulisha. Nikasema asante. Akagonga muhuri. Mbele kidogo msaidizi wa dereva alikuwa kijana wa upande ule. Mzee mmoja wa kwetu, suruali imeshambana, akamsogelea: "Kijana, naomba tusimame nichimbe dawa." Kijana akamwangalia kwa mashaka makubwa. "Mzee, dawa utapata Mombasa, maduka yako wazi." Mzee akasema hiyo haifiki Mombasa. Basi zima la Watanzania likawa linacheka huku limebana miguu.

Mombasa wenyewe ni watu wakarimu, ila wana Kiswahili chao na wanakuhesabia cha kwako. Bibi ya mke wangu alitupokea mlangoni, amejitanda leso, akaniambia, "Ndoo ndani." Nikaingia haraka nikaanza kutafuta ndoo. Nikaangalia nyuma ya mlango, nikaangalia uani. Bibi bado amesimama, "Ndoo, mwanangu, ndoo ukae!" Nikafikiri huku wageni wanakalia ndoo. Kumbe Kimvita njoo ni ndoo, na njia ni ndia, na njaa ni ndaa, na hiyo ya mwisho niliielewa bila kutafsiriwa kwa sababu sahani za mahamri na mbaazi zilikuwa zinakuja.

Nilipomweleza shemeji kwamba Kiswahili sanifu ni njoo, nilijuta kufungua mdomo, akaweka kikombe chini. Akaniambia mwaka 1928 wakoloni walikaa kikao hapa hapa Mombasa kuchagua Kiswahili cha kufundishia shule za Afrika Mashariki, wakala, wakanywa, halafu wakachagua cha Unguja. Hapa hapa! Kwenye mji wetu! Anavyosimulia utadhani alikuwa anagawa chai kwenye kikao chenyewe. Kimvita kikongwe, chenye mashairi yake, kikaachwa kimekaa barazani. "Sasa wewe," akasema, "umetoka huko na njoo yako, unakuja kunisahihishia nyumbani kwangu." Nikanyamaza. Nikala mbaazi.

Ila ninaloliuguza mpaka sasa halikutoka Mombasa. Linatoka Tanga, Chumbageni, kwa mama mkwe.

Mama mkwe wangu ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili. Katika ukoo mzima wa pande zote mbili ni yeye pekee anayeandika ujumbe wa simu uliokamilika, herufi kubwa mahali pake, mkato mahali pake. Barua yangu ya posa ilirudi imekubaliwa, na mikato miwili imeongezwa kwa kalamu nyekundu. Kwa hiyo nikimwandikia huwa nakaa vizuri, nafuta, naandika tena. Siku moja kabla ya safari nilimwandikia: "Shikamoo mama. Kesho mchana tutapita Tanga, tukielekea Mombasa." Tazameni hiyo sentensi. Haina kasoro. Akajibu, "Marahaba, mwanangu. Karibuni."

Na tukapita! Kesho yake mchana basi likaingia stendi ya Kange, likashusha, likapakia, likatoka. Sisi tulipita Tanga jinsi kitu chochote kinavyoweza kupita. Kupita ni kupita. Upepo unapita, mafuriko yanapita, na mimi nilipita nikiwa kwenye kiti changu, nikiangalia nje, makini kabisa.

Jioni, viatu nimevua, nakunywa chai kwa bibi, simu ikaingia picha. Sinia, limefunikwa kawa. Picha ya pili, kawa limefunuliwa. Pilau, kuku mzima, kachumbari, ndizi pembeni, na sahani zimepangwa kuzunguka meza, za kutosha mimi, mke wangu, watoto na majirani waliokuwa wamealikwa kutuona. Chini yake ameandika, "Mmefika?" Alama ya kuuliza imewekwa safi, mkunjo na kitone chake.

Nikajibu haraka ili asipate wasiwasi: "Ndiyo mama. Tumefika Mombasa salama, alhamdulillahi."

Dakika zikapita. Nikaona anaandika. Akaacha. Akaandika tena. Akaacha. Kisha ikaingia.

"Sawa."

S kubwa. Nukta.

Wengine wakiniandikia sawa, najua ni sawa. Ile haikuwa hivyo. Nikaiweka simu kifudifudi mezani. Mke wangu akaichukua, akaifungua, akasoma juu mpaka chini, akarudi kwenye ile nukta akakaa nayo. Halafu akanigeukia, mbele ya bibi, mbele ya shemeji na 1928 yake.

"Umemfanya nini mama yangu."

Na baada ya kelele zangu zote za alama ya kuuliza, hiyo hakuiweka.