Msiwasingizie Waliokufa

Kila ardhi inapotetemeka mahali fulani duniani, hata miili haijafukuliwa yote, anajitokeza mhubiri wa kutueleza wale watu walikosa nini. Juzi nimetumiwa video nyingine ya namna hiyo. Anataja dhambi za mji mzima, kisha anahitimisha kwamba Mungu hakosei: watu walipewa uhuru wa kuchagua, wakachagua vibaya, wakavuna walichopanda. Chini yake amina zimejipanga. Nimekasirika, na hasira hii siiombei radhi, kwa sababu huyo Mungu anayesemewa nami pia ninamwamini.

Hoja ya uhuru wa kuchagua siidharau. Ukiniuliza kwa nini Mungu anaacha mtu amchinje jirani yake, nitakujibu kwa hoja hiyohiyo: kiumbe asiyeweza kutenda ubaya hawezi pia kupenda kwa hiari yake. Jibu hilo halimfuti mtu machozi, lakini angalau ndani yake yumo muuaji. Upo mkono ulioinuliwa, na ungeweza kushushwa. Sasa nionyesheni mkono huo katika Ziwa Nyos.

Usiku wa tarehe 21 Agosti 1986, ziwa hilo la Kamerun lilitoa ghafla wingu kubwa la kaboni dioksaidi. Gesi hiyo ilikuwa imepanda kutoka kwenye volkano iliyo chini, ikayeyuka na kujikusanya katika maji ya kilindini, mpaka siku maji yalipotibuka. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hivyo iliteremka mabondeni ikiambaa na ardhi, ikaingia majumbani. Watu wapatao 1,700 walikufa, pamoja na maelfu ya mifugo. Nani alichagua nini hapo? Mtoto aliyelazwa mapema? Na ng'ombe, nao walikosa nini? Fuatisha kisa hicho tangu mwanzo hadi mwisho, hutakuta nia ya mwanadamu popote.

Wapo wanaosema basi ni uhuru wa mapepo. Hilo silijadili, gesi nzito huteremka bondeni bila kusukumwa na pepo.

Wapo pia wanaosema, na hawa nawaheshimu, kwamba uhuru wetu unahitaji dunia yenye kanuni zisizobadilika. Moto ukiunguza leo na kesho usiunguze, hakuna anayeweza kupanga wala kuwajibika kwa lolote. Sawa. Hiyo inaeleza kwa nini zipo kanuni. Haielezi kwa nini ziwe hizi.

Kuna jambo moja nalikubali kwa shingo upande, maana najua litatumiwa vibaya. Tarehe 12 Januari 2010, Haiti ilipigwa na tetemeko la ukubwa wa 7.0. Serikali yake ilitangaza vifo zaidi ya laki mbili. Tarehe 27 Februari mwaka huohuo, Chile ilipigwa na tetemeko la 8.8, lililoachia nishati mara mamia zaidi. Walikufa watu takriban mia tano. Kweli, la Chile kitovu chake kilikuwa baharini, na la Haiti lilikuwa karibu na mji mkuu. Lakini tofauti kubwa namna ile haielezwi na umbali peke yake. Chile walishaumizwa na matetemeko mara nyingi, wakatunga kanuni za ujenzi na kuzisimamia. Haiti, nyumba za zege dhaifu ziliwaangukia watu. Kwa hiyo ndiyo, uchaguzi wa binadamu umo ndani ya maafa. Ila tazameni ni uchaguzi wa nani. Aliyepunguza saruji na nondo ni mwingine, aliyefukiwa ni mwingine. Mhubiri wangu anachukua kosa la wa kwanza na kumbebesha wa pili, ambaye hana tena kinywa cha kujitetea.

Si jambo jipya. Lisbon, mji mkuu wa Ureno, ilianguka kwa tetemeko asubuhi ya tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, watu wakiwa makanisani. Mwaka uliofuata padri Mjesuiti, Gabriel Malagrida, alichapisha kijitabu cha kusema kwamba chanzo kilikuwa dhambi za mji, wala si maumbile. Wakati huohuo kulikuwa na watu wakichora nyumba mpya zenye fremu za mbao ndani ya kuta, ili zihimili mtikisiko. Mimi nawaona hao wajenzi kuwa walimcha Mungu kuliko yule padri.

Na Yesu mwenyewe alilizungumzia jambo hili. Mnara wa Siloamu uliwaua watu kumi na wanane, naye akakana wazi kwamba walikuwa wakosaji kuliko wenzao. Wahubiri hukimbilia maneno yanayofuata, yale ya kutubu. Wayasome vizuri: aliwaambia waliosimama mbele yake wakipumua.

Swali la Nyos nampelekea Mungu mwenyewe, tena kwa uchungu. Ayubu alifanya hivyo, na mwishoni waliokemewa ni rafiki zake, waliokuwa wakimtetea Mungu kwa kumtafutia Ayubu dhambi.

Kwa hiyo ndugu mhubiri, ukitaka kuhubiri toba baada ya tetemeko, mtafute aliyeidhinisha jengo lisilo na nondo za kutosha. Huyo alichagua, na bado yu hai.